Farasi wa masafa anayerusha mateke: mwongozo kamili wa kumkagua, kumsoma na kumtuliza

Farasi akikuangusha kwenye uwanja wa nyumbani, unaangukia mchanga na zizi liko hapo hapo. Akikuangusha kilomita ya 35 ya mbio za ustahimilivu, uko peke yako jangwani au mlimani, farasi ametimka, na simu uliyoitia kwenye mfuko wa tandiko imetimka naye. Kwa hiyo kabla ya lolote: simu hukaa mwilini mwako, kofia ngumu kichwani, na vikuku vya kukanyagia viwe vile vyenye kizuizi mbele ili mguu usipenye ukaja kuburutwa. Hayo hayana mjadala.

Mwongozo huu ni wa mpandaji, mkufunzi au saisi mwenye farasi wa mbio ndefu anayebinua mgongo na kurusha mateke. Mpangilio wake ni huu: mwili kwanza, kisha chakula na zizi, kisha kazi ya chini kwa miguu, na mwisho kabisa ndipo tandikoni. Wengi huanza mwisho. Wanaona farasi amerusha, wanasema "ana kichwa kibaya", wanatafuta kijana mwenye mapaja ya chuma ampande mpaka anyooke. Mara nyingine hunyooka kweli. Mara nyingi maumivu yamebaki pale pale, na farasi amejifunza tu kuficha dalili mpaka siku atakayolipuka.

Mchezo huu unachagua farasi wa moto

Mbio za kisasa za aina hii zina mzizi wake California. Mwaka 1955 Wendell Robie na wenzake wachache walipanda kutoka eneo la Ziwa Tahoe hadi mji wa Auburn, kilomita 160 hivi za milima, ndani ya siku moja. Safari hiyo ndiyo Tevis Cup ya leo. Baadaye mchezo ukashika Ulaya, kisha Ghuba, ambako Dubai, Abu Dhabi, Bahrain na Oman hukimbiza farasi jangwani msimu wa baridi. Kote huko farasi anayetawala ni Mwarabu au chotara wake: mwili mdogo wa kilo 360 hadi 450, ngozi nyembamba inayotoa joto upesi, na mapigo ya moyo yanayoshuka haraka baada ya kazi.

Mwarabu huyo ana akili nyepesi na hisia kali. Moto unaomfanya avute hatamu kilomita ya 140 wakati wengine wamechoka ndio unaomfanya asiweze kusimama mahali pamoja asubuhi ya kuanza. Ukitaka farasi wa masafa mwenye damu baridi kabisa utampata, lakini utafika naye usiku. Kwa hiyo swali halisi ni kama moto wake una njia ya kupitia au unapanda mgongoni.

Tena katika mchezo huu tabia inaingia kwenye matokeo moja kwa moja. Kwenye kituo cha ukaguzi, pale njiani ambapo daktari humpima farasi kabla hajaendelea, kanuni za kimataifa zinataka mapigo ya moyo yashuke hadi 64 kwa dakika au chini ya hapo, ndani ya dakika 15 tangu uvuke mstari. Farasi mwenye pumzi nzuri lakini anayemlilia mwenzake aliyeondoka anaweza kubaki kwenye 70 na kitu huku hajachoka hata kidogo. Mezani kwa daktari, 70 ya hofu na 70 ya uchovu ni 70 tu.

Kwanza, ujue anafanya nini hasa

Kurusha ninakozungumzia ni huku: kichwa kinashuka, mgongo unakunjwa juu kama upinde, miguu ya nyuma inatupwa. Farasi anayesimama kwa miguu ya nyuma ni tatizo jingine. Anayetimka bila breki ni jingine. Anayemtupia teke farasi aliyemkaribia nyuma naye ni wake peke yake, na huyo afungwe utepe mwekundu mkiani ili wenzako wajue wakae mbali. Ukiyachanganya haya utatibu ugonjwa usiokuwepo.

Halafu ndani ya kurusha kwenyewe kuna daraja. Kuna kijiteke cha furaha asubuhi ya baridi, shoti ya kwanza kwenye nyasi: miguu inapaa kidogo, masikio yako mbele, kinaisha. Huyo mwache, mpeleke mbele. Kuna mgongo unaovimba chini ya tandiko bila teke, farasi akitembea kana kwamba anakanyaga mayai, mkia umebanwa. Huyo ananitia wasiwasi zaidi kuliko mwenye kijiteke. Na kuna yule anayerusha mfululizo mpaka mtu adondoke, kisha anasimama na kula majani. Huyu wa mwisho amejifunza kitu.

Daftari: saa ya tukio inasema zaidi ya tukio

Andika kila mara anaporusha: alikuwa amefanya nini sekunde kumi kabla, kwenye ardhi gani, mwendo gani, na nani. Kwa farasi jike andika pia siku zake za joto, maana mzunguko wake ni wa siku 21 hivi. Tatizo likijirudia kila baada ya wiki tatu, daktari ataanzia huko. Baada ya wiki chache daftari linaanza kuongea.

Akirusha wakati wa kukaza mkanda wa tumbo au hatua chache za kwanza baada ya kupandwa, fikiria mkanda, mgongo wa baridi, vidonda vya tumbo, au kumbukumbu ya maumivu ya zamani. Akirusha kila akiingia shoti kutoka kwenye telki (mwendo wa kati, baina ya kutembea na shoti), hasa upande mmoja, fikiria kiuno, viungo vya nyuma na tandiko linaloteleza upande. Akirusha kwenye mteremko tu, tandiko linasogea mbele na kugonga mabega, au kamba ya mkia uliyoifunga ili kulizuia inamkata chini ya mkia. Pandisha mkia uangalie ngozi ya pale kwa macho yako. Ni mahali pasipoangaliwa.

Akirusha pale wenzake wanapomwacha, au anapozuiwa asiwafuate, hapo sasa tunaelekea kwenye tabia. Na farasi mtulivu wa miaka yote akianza kurusha ghafla kilomita ya 60, huyo haandikwi kwenye daftari kwanza. Unashuka. Nitarudi kwake.

Mwili: ukaguzi wa kila siku na wa daktari

Kila siku, kabla na baada ya kazi, simama pembeni yake kwenye ardhi sawa. Lainisha vidole, vilaze bapa, anza nyuma ya kinundu cha mabega na uvute polepole pande zote mbili za uti wa mgongo hadi kiunoni. Usichome kwa ncha za vidole. Hata farasi mzima atashtuka. Unatafuta msuli unaotetemeka, mgongo unaozama kukimbia mkono, sikio linalorudi nyuma, mkia unaopigwa. Rudia mahali pale pale. Kitu kikitokea mara tatu mfululizo si bahati mbaya.

Mvue tandiko baada ya kazi ya jasho utazame ramani aliyoiacha mgongoni. Jasho linapaswa kuwa sawasawa kushoto na kulia. Kipande kikavu katikati ya jasho mara nyingi ni mahali palipobanwa sana, ingawa panaweza pia kuwa mahali tandiko halikugusa kabisa. Vidole vitakuambia ni kipi. Nywele nyeupe zilizoota kwenye mabega ni habari za tandiko la zamani. Na kumbuka kwamba farasi wa masafa hubadilika umbo ndani ya msimu: anapoteza mafuta, anaongeza msuli. Tandiko lililomkaa vizuri mwanzoni mwa mazoezi linaweza kumuumiza miezi mitatu baadaye bila wewe kubadilisha kitu.

Kuna vitu vya mchezo huu ambavyo wataalamu wa uwanjani hawavifikirii. Chupa za maji na mfuko uliofungwa nyuma ya tandiko hudunda juu ya figo za farasi kila hatua ya telki, maelfu ya mara kwa safari moja. Sponji iliyofungwa kwa kamba, ile unayoitupa mtoni kuchota maji bila kushuka, ikifunguka inapiga ubavu. Mchanga ukiingia chini ya mkanda kwenye jasho unakuwa msasa. Kabla ya kumpeleka farasi kwa daktari mwenye mashine, mvue mizigo yote umpande kavu siku mbili. Unaweza kuokoa pesa nyingi.

Jihesabu na wewe mwenyewe. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko na mizigo visizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa farasi. Kwa Mwarabu wa kilo 400 ni kilo 80, vyote pamoja. Tena mpandaji mzito anayeyumba kilomita ya mwisho kwa uchovu ni mzito zaidi ya mizani.

Kisha daktari wa mifugo: mgongo, kiuno, miguu, kwato, meno. Mwambie kwamba farasi anarusha akipandwa, ili amwone akipandwa, maana wapo wanaotembea safi wakishikwa mkononi na kuharibika mara tu uzito unapokuja. Mwaka 2018 daktari wa farasi Sue Dyson na wenzake, Uingereza, walitoa orodha ya tabia 24 za farasi anayepandwa: masikio, macho, mdomo, mkia, mwendo, kukataa kwenda, kurusha. Farasi akionyesha 8 au zaidi kati ya hizo, uwezekano wa maumivu ya misuli na mifupa ni mkubwa. Kinachonifaa zaidi kwenye orodha hiyo ni kwamba kurusha ni moja tu kati ya 24. Anayerusha pekee bila dalili nyingine na anayerusha huku akifinya macho, akipiga mkia na kufungua mdomo ni farasi wawili tofauti, hata kama wote wamekuangusha.

Tumbo

Tumbo la farasi hutoa asidi mchana na usiku, ale asile. Sehemu ya juu ya tumbo haina utando wa kujilinda. Porini haimsumbui, kwa sababu anakula karibu muda wote, na majani yanayotafunwa pamoja na mate huikata makali ile asidi. Sasa mtandike akiwa na njaa, mpeleke telki na shoti: misuli ya tumbo inakaza, asidi inarushwa juu, inaunguza. Fanya hivyo wiki baada ya wiki, ongeza safari ya gari na zizi la ugenini, na vidonda vinakuja. Tafiti za farasi wa mbio hizi zimevikuta mara nyingi sana wakati wa msimu.

Dalili hazipigi kelele. Anaacha nafaka anamalizia majani, manyoya yanafifia, anang'ata hewa wakati wa kukazwa mkanda, anakuwa mkali pale ulipomjua mpole. Kuthibitisha kunahitaji kamera ndani ya tumbo. Dawa inayotumika zaidi ni omeprazole, ya kumeza, mara nyingi kwa mwezi mzima, kwa kipimo cha daktari. Ukiwa kwenye ratiba ya mashindano uliza kwanza sheria za dawa za chama chako.

Wakati huo huo rekebisha mlo. Majani makavu yasipungue kilo 6 kwa siku kwa farasi wa kilo 400, na 8 ni bora, yakigawanywa ili asikae masaa mengi bila kitu mdomoni. Dakika chache kabla ya kutandika mpe lusini (alfalfa) iliyokatwakatwa, viganja kadhaa. Kalsiamu na protini yake hupunguza ukali wa asidi na majani hutanda juu ya maji ya tumbo yasirukeruke. Nafaka punguza. Wanga usizidi gramu 1 kwa kila kilo ya uzito wake kwa mlo mmoja, na nguvu iliyobaki itoke kwenye mafuta ya mimea yaliyoongezwa kidogo kidogo kwa wiki mbili tatu. Siku ya mapumziko nafaka ikatwe sana. Farasi aliyesimama zizini siku nzima na ndoo ya shayiri anakuja kesho yake na vitu viwili: moto usio na kazi, na hatari ya misuli kukamatana.

Na zizi lenyewe. Nimeona mazizi mazuri, yenye feni na vinyunyizio, ambamo farasi anatoka saa moja na nusu kwa siku na saa 22 na nusu zilizobaki anatazama ukuta. Kisha mtu anashangaa anarusha. Mtoe nje na mwenzake, hata kwenye uwanja mdogo, hata usiku wakati wa joto. Kwa farasi wengi hili peke yake hupunguza nusu ya tatizo, na halihitaji mtaalamu.

Kazi ya chini, na kosa la kuzungusha

Mwili ukiwa safi na mlo umenyooka, kuna farasi bado wanarusha. Sasa tunafundisha.

Wengi humzungusha farasi kwa kamba nusu saa kabla ya kupanda "atoe moto". Kwa farasi wa kawaida inaweza kusaidia. Kwa farasi wa masafa ni kazi bure: unamjenga pumzi. Wiki sita baadaye anahitaji dakika 45 ili atulie, na viungo vyake vimezunguka duara dogo kila siku. Mzungushe dakika tano, kila upande, kwa lengo la kumtazama tu: mgongo umelainika? Anabadilisha mwendo bila kubinuka? Kama amebinuka na tandiko tupu mgongoni, usipande bado. Tafuta kwa nini.

Mafunzo yenyewe ni madogo na ya kuchosha. Simama begani, vuta kichwa chake upande taratibu kwa kamba mpaka shingo ilegee, achia mara moja anapolegea. Mguse ubavuni nyuma ya mkanda mpaka avushe mguu wa nyuma kupita mbele ya mwenzake, achia. Pande zote mbili. Harakati hizi mbili ndizo breki yako baadaye, kwa sababu farasi aliyepinda shingo na kuvusha miguu ya nyuma hana pa kujikunjia mgongo. Zikiwa hazipo akiwa mtulivu zizini, hazitakuwepo akiwa na wazimu njiani.

Ongeza na vituko vya mchezo. Ghuba gari za wasaidizi hukimbia sambamba na njia na mpandaji hupokea chupa za maji za kummwagia farasi shingoni huku akienda; farasi asiyezoea plastiki inayolia na maji ya baridi yanayoshuka begani atarusha hapo hapo. Anza na chupa tupu zizini. Zoeza pia kushikwa: ufizi kubonyezwa, ngozi kuvutwa, kifaa cha kusikilizia moyo kuwekwa nyuma ya kiwiko cha kushoto, mkia kuinuliwa na mtu asiyemjua. Daktari wa ukaguzi hana wajibu wa kupigwa teke kwa sababu hukumfundisha farasi wako.

Tandikoni

Kurusha kuna maandalizi yake. Hatua zinafupika, shingo inakuwa gogo, mgongo unapanda chini yako, na ule mtiririko wa kwenda mbele unakatika. Una sekunde moja au mbili. Farasi anahitaji kushusha kichwa ili aruke kwa nguvu, na anahitaji kupunguza mwendo ili apate pa kukanyagia. Mnyime vyote viwili.

Kaa wima, mabega nyuma kidogo, uzito kwenye visigino, macho mbele (ukitazama chini ndiko utakakokwenda). Mkono mmoja unapanda juu na pembeni, kwa mguso mkali na kuachia, kuinua kichwa na kukipinda. Usivute hatamu zote mbili nyuma. Unampa kitu cha kupigana nacho, na nguvu yake isiyo na mbele inapanda juu. Mkono wa pili ushike mkanda wa shingoni. Vaa mkanda huo daima kwa farasi wa aina hii, hata kiuzi cha ngozi cha kawaida. Kushika shingo ni bora kuliko kuning'inia kwenye mdomo wake. Miguu imwombe aende mbele.

Kama kuna nafasi, mgeuze kwenye duara linalopungua, umvushe miguu ya nyuma mpaka asimame. Kwenye njia nyembamba ya mlimani usithubutu kumgeuza. Inua kichwa umwelekeze mbele, ikiwezekana kupanda. Kwenye shoti ya kasi pia usimpinde ghafla, atajikwaa na kukuangukia.

Akitulia, yako maamuzi. Ukishuka papo hapo na kumpeleka zizini, umemlipa. Ukiendelea kana kwamba hakuna kitu na kumbe mkanda umemchuna, umemwadhibu kwa kusema ukweli. Mimi humwomba jambo dogo analoliweza: duara mbili za kutembea, kusimama, kurudi hatua tatu. Akilifanya kwa utulivu, nashuka, nakagua mkanda, pedi, tandiko na mdomo, kisha naamua. Fimbo na visigino vya chuma havina kazi hapa. Farasi aliyerusha kwa maumivu akipigwa anapata maumivu mawili, na aliyerusha kwa hofu anapata sababu.

Kundi, na asubuhi ya kuanza

Sehemu hii ndiyo inayovunja farasi wengi wazuri. Tevis Cup huanza saa kumi na moja na robo alfajiri, giza halijatoka, farasi mia na zaidi wamebanana milimani. Jangwani Ghuba kuna uwazi lakini kuna vumbi, magari na kasi. Farasi ni mnyama wa kundi, na kundi linalokimbia linamwambia kuna simba.

Zoeza wiki nyingi kabla. Tafuta mwenzako mwenye farasi mzee aliyetulia. Mtembee bega kwa bega, kisha mmoja apite mbele mita tano, asubiri, mwingine apite. Ongezeni umbali. Kisha mmoja apotee nyuma ya kichaka na kurudi kabla wa pili hajaanza kulia. Kisha telki. Shoti iwe ya mwisho kabisa, na kwa farasi anayerusha akiachwa inaweza kuchukua miezi. Fundisha pia kuondoka nyumbani peke yake na kushuka ukimtembeza kwa mkono. Akijifunza kwamba safari si mbio kila siku, anapumua.

Siku yenyewe, fika na muda wa kumtembeza. Panda mbali na kundi. Soma kanuni za mbio zako kuhusu dirisha la kuanza. Wengi wanaruhusiwa dakika 15 baada ya saa rasmi, na hizo ni zawadi kwako. Waache wa mbele wapotee machoni, wa katikati wapite, kisha toka kwa kutembea na mwenzako mliyefanya mazoezi naye. Ukipoteza dakika kumi hapo utazipata zote kwenye kituo cha kwanza cha ukaguzi, ambako waliovutana na farasi wao kilomita 30 wanasubiri mapigo yashuke huku wako amefika na 58.

Vaa kipima mapigo kama unacho. Farasi anayecheza kwa moto kwenye mwendo ambao nyumbani anaufanya kwa mapigo 120, na leo anaonyesha 150, anakula akiba ya saa za jioni. Geuza hatamu kuwa ndefu kidogo, mpe kazi ya kichwa: bega la kushoto, la kulia, punguza, ongeza. Kumshika tu kwa nguvu hakumchoshi yeye, kunakuchosha wewe.

Kwenye vituo vingi daktari atafanya kipimo cha Ridgway: mapigo yanapimwa, farasi anakimbizwa telki mita 38 hivi kwenda na 38 kurudi, na dakika moja tangu aanze kuondoka yanapimwa tena. Yakipanda zaidi ya pigo 4, maswali yanaanza. Farasi anayerukaruka ubavuni mwa saisi wakati wa telki hiyo anaharibu namba yake mwenyewe na kuzuia daktari asione kama anachechemea. Kwa hiyo telki ya kukimbizwa mkononi, kamba ikiwa imelegea, ifundishwe nyumbani kila siku mpaka iwe kama kunywa maji.

Anayerusha katikati ya safari

Yule wa kilomita ya 60. Farasi mpole, amechoka kidogo, ghafla anabinua mgongo au anatupa miguu ya nyuma. Shuka. Legeza mkanda, pitisha mkono chini yake kote, tafuta mchubuko, mchanga, mkunjo wa pedi. Gusa misuli ya kiuno na mapaja: ikiwa migumu kama mbao, jasho jingi, hataki kusogea, na mkojo ukitoka wa rangi ya kahawa, misuli imekamatana. Usimtembeze "apate kulainika". Mwache mahali alipo, mpe kivuli na maji, ita daktari na gari. Tazama pia ubavu: ukiona unaruka kwa mdundo sawa na moyo, chumvichumvi za mwili zimevurugika na safari imekwisha. Sielewi mpandaji anayemalizia kilomita 20 juu ya farasi wa namna hiyo kwa sababu amelipia kiingilio.

Kumrudisha, au kuachana naye

Farasi aliyetibiwa anakumbuka. Hata tandiko jipya likimkaa sawasawa, wiki za kwanza atabinuka kwa kungojea maumivu yasiyokuja. Kaza mkanda kwa awamu tatu, mtembeze kati ya kila awamu. Wiki mbili za kazi ya mkononi na tandiko. Kisha mpandaji mwepesi, kutembea tu, kwenye mteremko mdogo wa kupanda unaofungua mgongo. Telki ije mgongo ukiwa laini siku kadhaa mfululizo. Shoti baada ya hapo, upande wake mwepesi kwanza.

Wapo ambao baada ya yote hayo bado wanaangusha watu. Mpe mkufunzi mzoefu wa farasi wa aina hiyo, au mstaafishe kwenye malisho. Ukiamua kumuuza, mwambie mnunuzi kila kitu na umpe lile daftari. Ukiwa wewe ndiye mnunuzi, omba kumwona akitandikwa kutoka mwanzo, umwone muuzaji akimpanda kabla yako, na utake atolewe nje ya uwanja peke yake kisha na mwenzake aondoke mbele yake. Muuzaji akikuambia ametandikwa na kupashwa joto tayari kabla hujafika, gusa kifua cha farasi chini ya mkanda. Kikiwa na jasho lililokauka, rudi kesho bila kupiga simu.

Na akipona vizuri, mbio yake ya kwanza iwe kilomita 40, bila kutafuta nafasi, utepe ukiwa mkiani, daktari wa ukaguzi ameambiwa mapema, na mizigo yote nyuma ya tandiko imebaki kwenye gari.